Ukoko Katika Mshipa wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa pampu kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu. Wachimbaji wakikutana na maji chini, shimo lao, au duara kama wenyewe wanavyoliita, halichimbiki tena mpaka maji yanyonywe, na pampu za wakati ule zilikuwa kuukuu, zimepita mikono mingi. Hakukosa kazi. Mimi nilikuwa na cherehani barazani, nikishona suruali za wachimbaji ambazo hazikumaliza mwezi bila kurudi zikiwa zimepasuka magotini.

Nilizaliwa Tanga. Nilifika Geita nikimfuata kaka yangu aliyekuwa akiuza mitumba, nikaolewa, kaka akaondoka, mimi nikabaki. Sikujua lugha nyingine zaidi ya Kiswahili. Mume wangu alikuwa Msukuma wa Shinyanga, Kiswahili alikipata shuleni na kukinoa machimboni, na ndicho tulichozungumza tangu siku ya kwanza. Mama yake alipokuja kukaa nasi baada ya mavuno, wao wawili walizungumza Kisukuma, nami nikaendelea na mshono wangu. Haikunisumbua. Niliamini kwamba linalonihusu nitaambiwa.

Asubuhi moja ya kiangazi, katikati ya miaka ya tisini, alikuwa amesimama mlangoni akifunga vifungo vya shati. Nilimwona anahangaika na kifungo kimoja, vidole vya mkono wa kulia vikiteleza kama vya mtoto. Nikamcheka, nikamwambia shati hilo si pampu. Aligeuka kunijibu, na maneno yaliyotoka yalikuwa ya Kisukuma.

Nilidhani anatania. Nikamwambia aseme Kiswahili. Alinitazama kama mtu anayesikia lugha ya wageni, akasema tena, safari hii kwa nguvu zaidi, na upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelegea. Nikapiga kelele. Mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akamkalisha kitini, akamwinamia, wakazungumza. Yeye akisema, mama akijibu, mimi nimesimama kati yao nikishika mkono wa mume wangu bila kuelewa lolote. Nilichoweza kukamata ni neno moja alilolirudia, “kaya.”

Haikuchukua muda mrefu. Uji uliokuwa umemiminwa haukuwahi kupoa. Mdomo ulirudi mahali pake, mkono ukapata nguvu, na Kiswahili kikarudi kama kwamba hakikuwa kimeondoka popote. Alituuliza kwa hasira kwa nini tumemzunguka.

Nikamwuliza mama mkwe mwanawe alisema nini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani, na herufi ya re haikumkubali. Alisema, “Anataka kuludi kaya. Kwa baba yake.” Kaya ni nyumbani, na baba yake alikuwa amekufa zamani. Mama mkwe alielewa kwamba mwanawe ameomba kupelekwa Shinyanga, kwenye mji wa wazazi wake, akatibiwe na watu wa kwao, na akipona au akifa iwe huko. Mimi nikasema nyumbani kwake ni hapa. Tulibishana mbele yake, kila mmoja kwa lugha yake. Tulipomgeukia yeye, alisema hakumbuki kusema chochote, na mdomo wa mgonjwa si mdomo, halafu akachukua mfuko wake wa spana akaenda kazini.

Nilimfuata mpaka machimboni, nikakaa pale kwenye tope mpaka aliponionea aibu akakubali kwenda zahanati. Mganga wa zahanati alimpima presha, akakunja uso, akampima tena. Alimwuliza kama macho yanamsumbua. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba siku chache kabla, jicho la kushoto lilikuwa limefungwa na kitu kama pazia jeusi lililoshuka kutoka juu, likakaa kidogo, likapanda. Alidhani ni grisi. Mganga akachukua kipimo cha kusikilizia moyo, akakiweka shingoni, chini ya taya, upande wa kushoto. Sikuwahi kuona mtu akisikilizwa shingo. Kisha alinipa mimi nisikilize. Kila moyo ulipopiga, palikuwa na sauti kama ya mtu anayepuliza chai ya moto.

Alituambia kile cha asubuhi kilikuwa kiharusi kilichopita njia bila kuingia ndani, na kwamba kinachopita huwa kimeijua njia. Alisema twende Shinyanga, kwenye hospitali ya misheni, kwa sababu pale palikuwa na daktari anayeweza kuutazama mshipa wa shingo kwa mashine ya picha, ile ile wanayopimia wajawazito.

Kwa hiyo mama mkwe alishinda, kwa kuwa hospitali na mji wao vilikuwa upande mmoja. Tulipanda lori hadi Kahama na basi kutoka pale, watu watatu tusiosemezana sana. Mume wangu alivuta sigara njia nzima, akipuliza moshi dirishani.

Pale hospitalini alikuwa mwanamume peke yake kwenye benchi la kusubiri picha. Wanawake wenye mimba walimtazama, mmoja akamwuliza kama amemsindikiza mkewe, maana mimi nilikuwa na tumbo la unene tu, lisilo na mimba. Alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ile, nikataka kulia.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Alisema kupima shingo alijifunza alipopelekwa masomoni nje, na kwamba hapa wachache ndio huletwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa wengi huja wakiwa wameshapooza. Alimlaza chali, akamwekea taulo chini ya mabega ili shingo inyooke, akamgeuza uso upande, akampaka yale mafuta mazito ya baridi. Akabadilisha kile kinachoshikwa mkononi, cha wajawazito akakiweka kando, akachukua kidogo kilicho bapa. Chumba kilifungwa pazia. Mama mkwe alikataa kubaki nje.

Alianza na kulia. Kwenye kioo palikuwa na rangi ya majivu tupu, halafu mfereji mweusi ukatokea, kuta zake zikicheza kila moyo ulipopiga. Alituonyesha jinsi mshipa unavyopanda na kugawanyika mara mbili, tawi moja likienda usoni na jingine kwenye ubongo. Pale kwenye panda palikuwa na kitu cheupe kinachong'aa, na nyuma yake giza. Alisema huo ni utando wa mafuta ulioganda ukutani mwa mshipa, wa zamani, umekuwa mgumu kama chokaa, na lile giza nyuma ni kivuli chake.

“Ukoko,” mume wangu alisema, bila kugeuza kichwa.

Daktari alikubali kwamba ni ukoko.

Kisha akahamia kushoto. Alikaa huko muda mrefu zaidi, akipanda na kushuka, akiuweka mshipa kwa urefu, halafu kwa mkato, ukaonekana duara kama mdomo wa kikombe. Sikuona weupe. Niliona tu kwamba ule mfereji mweusi ulikuwa mwembamba ghafla, na pembeni yake palikuwa na kijivu hafifu, karibu sawa na weusi wa damu yenyewe. Nilidhani upande huu ndio mzima. Daktari aliposimamisha picha na kuanza kuonyesha kwa kalamu, nilielewa kwamba nimekosea. Alisema utando mweupe mgumu unaziba lakini unakaa. Huu wa kijivu ni laini, una mafuta na damu ndani yake, na juu yake umechubuka. Vipande vyake vinameguka na kupanda kichwani. Kipande kidogo kinaziba jicho kwa dakika chache. Kikubwa kinaziba sehemu ya ubongo inayosema na kuamrisha mkono wa kulia, na hakiondoki.

Mume wangu alitaka kujua limebaki bomba kiasi gani. Daktari alisema kwa kukadiria kwa macho ni chini ya nusu, na mashine yake haikuwa ya aina inayopima kasi ya damu, kwa hiyo asingependa kusema zaidi ya alichokiona. Mume wangu alimwuliza kama linaweza kufunguliwa likasafishwa. Akajibiwa kwamba linaweza, si hapa wala si Mwanza, ni nje ya nchi, na hata huko katika kusafisha kipande kinaweza kumeguka, mgonjwa akaamka mezani na kile kile alichokuwa akikikimbia.

Alikaa, akajifuta shingo na ile taulo. Akasema, “Daktari, mimi pampu ikiharibika nazima injini kwanza, ndiyo naifungua. Hii huizimi.”

Mama mkwe, aliyekuwa ametulia muda wote, aliuliza kitu kwa Kisukuma. Daktari alikijua kidogo, akamjibu kidogo kwa lugha yake na kidogo kwa Kiswahili, akitaja sigara, presha, na umri. Mama mkwe aliuliza tena. Baadaye nilikuja kujua alichouliza. Aliuliza ni nani aliyekiweka kile kitu mle, na alipojibiwa ni sigara, akauliza ni nani aliyemtumia hizo sigara.

Tulipewa aspirini, vidonge vya presha, na amri ya kuacha kuvuta na kubeba mizigo. Daktari alisema angependa kumwona tena baada ya miezi michache. Na mimi, niliyekuwa nimeapa kwamba hatutaishi kwa wakwe, nikawa ndiye niliyesema tubaki. Mji wao ulikuwa mwendo wa baiskeli kutoka hospitali. Nyarugusu ilikuwa mbali na kila kitu. Nilituma watu wakaniletea cherehani.

Miezi ile nilikuwa na hofu isiyokaa mahali pamoja. Nilijua kilipo kitu chenyewe. Nilikuwa nimekiona. Akigeuza shingo kuita mbuzi, niliona kile kijivu kikipindika pamoja nayo. Akikohoa, nilisubiri. Nilimkataza kupasua kuni, kuchota maji, kukaa juani, kubishana na ndugu zake kuhusu mpira. Nilinusa mashati yake kutafuta moshi, na mara mbili niliukuta. Aliacha sigara kweli baada ya hapo, lakini pamoja nayo aliacha vitu vingine, akawa anakaa kwenye kigoda akitazama barabara. Ndugu walikuja kumsalimu wakiketi kwa adabu ya msibani.

Nilijifunza Kisukuma kwa sababu ya ile asubuhi ya shati. Sikutaka tena kusimama pale nikiwa bubu. Mama mkwe alinifundisha huku tukikatakata viazi vya kuanika vya michembe. Hakuwa na subira, lakini hakuchoka pia. Nikisema vibaya alinipiga kidogo kwenye goti kwa mpini wa kisu na kurudia neno. Nilianza na minzi, maji, na wabeja, asante, na mwisho wa kiangazi nilikuwa naweza kumsimulia jirani habari za mnadani akacheka mahali panapostahili. Mume wangu alipendezwa, lakini na mimi aliendelea kusema Kiswahili. Alisema nikisema Kisukuma nasikika kama padri mgeni.

Ni mama mkwe aliyeniambia nimwache mwanawe. Tulikuwa wawili tu, na alisema polepole ili nielewe. “Unamlinda mpaka anakufa. Mrudishe kwenye pampu zake.” Nilishangaa, maana yeye ndiye aliyemtaka kaya. Alisema alimtaka aje apone, hakumtaka aje akae kama gunia. Nilikataa. Nilimwambia tumwone daktari kwanza.

Tukaenda kwa daktari wakati watu wanaanza kutayarisha mashamba ya pamba. Alimlaza vilevile, akampaka vilevile. Kulia palikuwa kama tulivyopaacha. Kushoto alisimama. Alipandisha kile kishikio, akakishusha, akamwongezea mafuta, akakikandamiza kwa upole, akasogeza uso karibu na kioo. Mfereji mweusi wa kwenda kwenye ubongo haukuwapo. Palikuwa na kijivu kutoka ukuta hadi ukuta, na hapakuwa na kinachocheza.

Akamwambia anyanyue mikono yote miwili. Akainyanyua. Atabasamu, ajaze hewa mashavuni, ataje miezi ya mwaka. Alifanya yote, akamaliza na Desemba, akauliza amefaulu au la.

“Mshipa wako huu umeziba wote,” daktari alisema.

Nilishika ukingo wa kitanda. Lile tulilokuwa tunaliogopa tangu kiangazi, nililoliwekea ulinzi asubuhi na jioni, lilikuwa limeshatokea, siku tusiyoijua, na yeye amelala pale akiuliza kama amefaulu. Daktari alieleza kwamba damu hufika kichwani kwa mishipa minne, na chini ya ubongo njia zake hukutana kwa mduara, hivyo mmoja ukifunga taratibu, mingine inaweza kubeba. Si kwa kila mtu. Wengine wakifungwa hivi huanguka papo hapo. Alisema uliofunga hivi haufunguliwi, na kwamba kwa namna fulani hatari ya upande huo imepungua, kwa kuwa pasipopita damu ni vigumu vipande kupanda. Sasa upande wa kulia unabeba mzigo wa pande mbili, ndio wa kutunzwa.

“Kwa hiyo bomba limeziba na nyumba ina maji,” mume wangu alisema.

“Ina maji,” daktari alisema.

Aliniuliza mimi kama kulikuwa na siku aliyopotewa na maneno, au mkono ukamlegea. Nilimjibu hapana kwa uhakika kabisa. Nilisema nisingeweza kukosa kuona.

Tulikuwa tumeshafika njiani, yeye mbele anasukuma baiskeli, mimi na mama mkwe nyuma, niliposimama. Nilikumbuka alasiri moja ya wiki za nyuma, tulipokuwa tunabangua karanga. Alikuwa amenisemesha Kisukuma. Alasiri nzima, hakutia neno la Kiswahili hata moja, nami nikamjibu Kisukuma, tukazungumza habari za mama yake, na mvua, na pampu fulani aliyowahi kuitengeneza. Nilifurahi siku ile. Nilidhani hatimaye amenikubali kama mtu wa kwao, na sikutaka kulitaja nisije nikaliharibu. Niliandaa chakula huku naimba.

Nilimwambia mama mkwe, kwa Kisukuma hicho hicho. Halafu akasema siku hiyo alimwona mwanawe akibangua karanga kwa mkono wa kushoto, akadhani wa kulia umechoka.

Tulimwuliza yeye. Alifikiri, akasema huenda, hajui, anakumbuka karanga tu na kwamba mazungumzo yalikuwa mazuri. Kesho yake nilirudi hospitalini peke yangu nikamweleza daktari. Alinisikiliza, akaniambia huenda ndiyo siku hiyo na huenda siyo, na kwamba hata kama ningemleta mbio, pale hapakuwa na ambacho yeye angeweza kufanya. Alilisema ili nipumzike. Nimelitafakari mara nyingi, na sijaona mahali pa kupumzikia ndani yake.

Tulirudi Nyarugusu kabla ya mvua. Daktari alikuwa ameruhusu kazi nyepesi, na mume wangu alikuwa na tafsiri yake mwenyewe ya wepesi. Alinenepa, akaanza tena kugombana na watu kuhusu spea bandia. Watu walisema amepona. Mimi nilikuwa na ugonjwa mpya. Kila asubuhi, kabla hajatoka, nilimwuliza jambo kwa Kiswahili, lolote, mradi ajibu kwa Kiswahili. Akinisemesha Kisukuma, hata salamu, nilimlazimisha arudie. Nilijitia sijaelewa, mimi niliyekuwa nimejifunza kwa kupigwa mpini gotini. Alivumilia msimu mmoja. Kisha siku moja aliweka kikombe chini.

“Hunisemeshi tena,” alisema. “Unanipima. Nimechoka kupimwa.”

Nilimwomba radhi, nikaacha kuuliza kwa sauti. Lakini masikio yangu hayakuacha.

Mwaka uliofuata tulikwenda Shinyanga atazamwe ule mshipa wa kulia, tukakuta daktari amehamishwa. Mashine ilikuwapo, na kijana aliyekuwa anaiendesha alisema kwa unyenyekevu kwamba yeye anajua kupima mimba tu, shingo hajafundishwa. Mume wangu alimshukuru, akatoka nje akisema ni heri. Alisema hataki tena kuonyeshwa kitu asichoweza kukifungua. Akanunua vitumbua kwa mwanamke mmoja pale getini, akanipa kimoja. Nilikila nikiwa nimesimama upande wake wa kulia, nikiitazama shingo yake ikipanda na kushuka anavyotafuna, ngozi laini tu, hakuna kinachoonekana.